Kuta Ndani ya Tangi

Tarehe 14 Oktoba, mwaka juzi, tulimpoteza mdogo wangu Ezekia pamoja na gari la kijiji la kuzima moto, kwa siku moja. Gari lilipinduka likitoka mtoni kujaza maji, na yeye ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Ameacha mke, Tumaini, na watoto wawili wa kike.

Nianze na gari lenyewe, kwa sababu ndilo lililonipeleka safari. Kijiji chetu kiko Mufindi, kwenye vilima vya chai na paina. Karibu kila nyumba ina shamba lake la paina, na wengi tunasomesha kwa miti hiyo. Ikifika Septemba watu wanachoma mashamba kuyaandaa, upepo unauvusha moto mpakani, na kazi ya miaka kumi na miwili inaungua mchana mmoja. Ndiyo maana tulianzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Mwanzoni tulikuwa na matawi mabichi na mabeleshi tu. Baadaye tukapata lori dogo kuukuu, na mimi, kwa kuwa ndiye fundi wa kuchomelea, nikapewa kazi ya kutengeneza tangi la maji.

Nimesoma hadi darasa la saba. Kuchomelea nilifundishwa na baba mdogo. Matangi nilikuwa nimetengeneza mengi, ya nyumbani, ya shule, ya kanisa, na hakuna hata moja lililovuja. Nikaunda sanduku moja la bati nene, la lita elfu mbili, nikalifunga nyuma ya lori. Watu walilisifu. Hata mimi nililisifu. Sikufikiria kwamba matangi yangu yote ya nyuma yalikuwa ya kukaa mahali pamoja.

Siku ile moto ulikuwa upande wa pili wa kilima. Tulijaza tangi mtoni. Ezekia alipojaribu kupanda, injini ikalalamika. Nikamwambia afungue valvu amwage maji yabaki nusu, gari liwe jepesi. Akamwaga, akapanda vizuri, akanipungia mkono. Mimi nilibaki na pampu. Nilimsikia akifika juu, nikamsikia akiweka gia ya pili kuanza kuteremka kwenye kona. Baada ya hapo nikasikia kishindo.

Polisi walikuja wakapima, wakaandika kwamba chanzo ni mwendo kasi. Kwenye mazishi, aliyezungumza kwa niaba ya kijiji aliwaasa madereva vijana waache mwendo kasi. Tumaini alikuwa amekaa kwenye mkeka, akayasikia yote. Mimi nilijua mambo mawili. Lori lile kwenye gia ya pili haliwezi kukimbia. Na mimi ndiye niliyesema maji yawe nusu, ingawa sikujua kama neno hilo lina uzito wowote. Sikumwambia mtu hata moja ya hayo. Niliogopa. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Mwezi wa nne mwaka huu, mchungaji aliniita. Usharika wetu una urafiki wa miaka mingi na usharika mmoja wa Stockholm, na kila baada ya muda wanaalika wageni. Safari hii waliandika kwamba wanafahamiana na fundi anayetengeneza magari ya moto, tena ni mtu wa kujitolea kwenye kikosi cha huko mashambani. Kijiji kilikuwa kinataka gari jingine na kilitaka mimi nilitengeneze. Nilikuwa nimekataa mara mbili bila kusema sababu. Nilimwambia mchungaji nitakwenda. Wenzangu wawili walikwenda kwa mambo ya kwaya. Mimi nilikwenda nijue kama ni mimi niliyemuua mdogo wangu.

Asubuhi ya kuondoka, Tumaini alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Alinisalimia "kamwene" kama kawaida, akasimama nami mpaka basi lilipoonekana. Ndipo akasema, "Shemeji, ukifika huko waulize magari yao yanakwenda mwendo gani."

Nilimjibu kwamba nitauliza. Nilipanda basi nikiwa siwezi kumtazama dirishani.

Dar es Salaam tulifika jioni, na kesho yake tukaingia kwenye ndege. Sitaeleza mengi ya ndege. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na muda mwingi nilitazama bawa, namna mabati yalivyounganishwa kwa ribiti zilizopangwa kwenye mstari mnyoofu. Fundi wake alikuwa na mkono mtulivu.

Stockholm, uwanja wa ndege. Nilipokewa na Mama Neema, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mshiriki wa usharika ule. Wenzangu wa kwaya walichukuliwa na wenyeji wengine, mimi nikakabidhiwa kwake kwa sababu ya Kiswahili. Alikuwa ameshika koti zito kama godoro.

"Karibu sana, papa. Ulisafiri muzuri? Vaa hii, utakufa na baridi."

Nilimwambia Mufindi mwezi wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, na kwamba baridi ile ya Mei niliiona ya kawaida. Alinitazama kutoka viatuni hadi kofia. "Basi wewe ulizaliwa huku," akasema, "walikupoteza tu." Koti akalivaa yeye.

Hagsätra ndiko anakoishi, mwisho wa reli ya chini ya ardhi. Majengo ni ya ghorofa, yamepangwa na nafasi katikati, na kwenye nafasi hizo kuna miti myembamba yenye maganda meupe na mawe makubwa ya kijivu ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Mama Neema anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alipika bugali, ndivyo wanavyouita ugali, na sombe, yaani kisamvu, na samaki. Binti yake Neema, wa darasa la sita, alikuwa anaelewa kila kitu tulichosema lakini anajibu kwa Kiswidi. Mama anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiswidi, na mazungumzo yanakwenda tu bila kukwama.

Baada ya kula, Mama Neema aliniuliza, "Ulifiwa na nani, papa?"

Nilimuuliza amejuaje. Akasema anashinda na wazee wanaofiwa kila wiki, anaijua namna ya kula ya mtu aliyefiwa. "Hapa watu hawaulizi, wanaona ni heshima. Mimi ninauliza."

Nikamwambia ni mdogo wangu. Akasema pole, akaniongezea samaki, hakuuliza tena.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Jordbro. Mama Neema alinipandisha basi mpaka Älvsjö, akanionyesha treni, akaniandikia jina la kituo kwenye karatasi, maana kulitamka nilishindwa. Jordbro ina mtaa wa makazi upande mmoja na upande mwingine eneo kubwa la maghala na karakana. Kituoni alinisubiri Mugisha, yule fundi wa magari ya moto tuliyeandikiwa habari zake, Mganda wa Ankole, mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mikono ya kuungua cheche kama yangu. Alikimbia nchi yake akiwa kijana, akakaa Nairobi, halafu akafika huku. Tulisalimiana, nikampa salamu za usharika na za kijiji, nikamshukuru kwa kukubali kunipokea.

Alinisikiliza mpaka mwisho akicheka kidogo kidogo. "Nyinyi Watanzania munasema Kiswahili kama munasoma Biblia," akasema. "Mimi nitavunja hiyo Kiswahili, ssebo, na wewe utaokota vipande." Ssebo kwao ni bwana.

Karakana anayofanyia kazi inatengeneza malori ya maji na ya moto. Siku ile ndani kulikuwa na gari jekundu la kikosi kimoja cha mashambani, limeletwa kubadilishwa pampu. Nililizunguka mara tatu kabla ya kugusa kitu. Halikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Lilikuwa refu kwenda juu kutoka ardhini, tairi zote nne zinavuta, na mwili wake mwembamba ili lipite kwenye njia za msituni.

Mugisha alinieleza kwa nini liko hivyo. Watu wanaoliendesha si wazima moto wa kila siku. Mmoja anafuga ng'ombe, mmoja anaoka mikate, mmoja ni mwalimu. Simu ikilia anaacha mkate kwenye jiko anakimbia. "Ile mtu haina muda ya kufikiri," alisema. "Pengine amesahau yote amefundishwa mwezi iliyopita. Sasa gari lazima ifikiri kwa niaba yake."

Baada ya kusema hivyo nililiona gari kwa macho mengine. Ubavuni lina milango ya kukunja kwenda juu kama ya maduka, na kila mlango una mpini mkubwa ambao mkono wenye glovu nene unaushika. Ndani kila kifaa kina kitanda chake, na nyuma ya kila kifaa kumechorwa umbo lake kwa rangi. Shoka likiwa halipo, unaona kivuli cha shoka, unajua limebaki porini. Hakuna kilichowekwa juu zaidi ya mabega ya mtu mfupi. Pampu iko nyuma, na vishikio vyake vinne vina rangi na namba kubwa, moja hadi nne. Ukivuta kwa mpangilio huo maji yanatoka, hata kama umesahau jina lako. Sehemu ya pampu imefungwa na inapata joto kutoka kwenye injini, ili wakati wa theluji maji yasigande.

Watu wote wanakaa mbele ndani, wamefunga mikanda. Hakuna mahali pa kusimama nje. Nilitafuta ngazi ya nyuma ya kudandia kama tuliyoweka sisi, sikuiona. Nilipouliza, Mugisha alisema zamani ilikuwepo, na wamezika watu kwa ajili yake.

Tangi lilikuwa katikati, chini kabisa, limelala kati ya vyuma viwili vya chesisi. La kwetu nililiweka juu ya bodi, kwa sababu juu ndiko kulikuwa rahisi kuchomelea. Nilipima kwa futi yangu na kuandika kwenye daftari. Kisha nikapima mara ya pili.

Saa nne walikunywa kahawa, na baada ya kahawa Mugisha alinipeleka kwenye tangi jingine, kuukuu, lililokuwa limeshushwa chini kwa ajili ya ukarabati. Lilikuwa kavu na mfuniko wake ulikuwa wazi. Akanipa tochi. "Ingia," akasema.

Niliingia kwa miguu, nikachuchumaa, nikawasha tochi. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa chuma, na katikati ya ukuta tundu la duara ambalo mtu mwembamba anapita. Nikapita. Nikakuta ukuta mwingine na tundu lake. Nikapita tena. Kuta tatu zilikatiza kwa upana na mmoja ulikwenda kwa urefu. Pembe za chini zilikuwa zimekatwa kidogo ili maji yapite na uchafu usikae. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea. Ulikuwa umechomelewa pande zote mbili, na mtu aliyelala kwa ubavu mle ndani kwenye moshi wake mwenyewe. Hakuna fundi anayejitesa hivyo bila sababu. Nilikaa pale chini kwa muda.

"Umelala?" Mugisha aliita kutoka juu.

Nilipotoka nilimuuliza kuta ni za nini, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua. Akasema, "Maji ni ng'ombe, ssebo. Ukiweka ng'ombe mia moja ndani ya zizi moja, wote wakikimbilia upande moja, zizi inaanguka. Lazima ugawe. Kwa kona, maji nakimbia. Hiyo ukuta inamwambia, polepole, mzee." Kisha akaniuliza, akitabasamu bado, "Yako ilikuwa na ngapi?"

"Haikuwa na hata mmoja."

Tabasamu likaondoka. Akauliza gari liko wapi sasa. Nikamwambia lilipinduka. Akauliza dereva, nikamwambia ni mdogo wangu, na kwamba tulimzika. Alivua glovu zake, akaziweka juu ya tangi, akakaa karibu yangu kwenye boriti.

"Alikuwa nakimbia?"

"Polisi waliandika hivyo."

"Siulizi polisi. Nauliza fundi."

Nikamwambia alikuwa gia ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Sikumwambia habari ya nusu. Nilijiambia kwamba kosa langu ni kutojua, na kutojua kunasameheka, na kwamba lile la nusu halihusiki. Nilirudi Hagsätra na wazo hilo, nikalala nalo siku tatu kama mtu aliyepata dawa.

Alhamisi jioni kikosi cha Mugisha kilikuwa na mazoezi, akanichukua kwa gari lake. Tulipita Jordbro tukaelekea upande wa bahari, kwenye msitu na mashamba na nyumba za mbao nyekundu zilizo mbali mbali. Jua huko mwezi wa tano halina haraka, saa moja jioni ni kama saa tisa mchana kwetu. Kituo chao ni banda la mbao lenye milango miwili mipana. Ndani kulikuwa na gari kama lile la karakana, na ukutani suruali zao zimesimama ndani ya buti, tayari kuingiwa.

Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Lena, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mrefu, asiye na maneno mengi. Alinishika mkono, akamwambia Mugisha kitu. Mugisha akanitafsiria kwamba amefurahi kumwona mtu ambaye kikosi chake, kama chao, hakilipwi. Niliuliza swali la Tumaini, magari yao yanakwenda mwendo gani. Lena alijibu kwamba dereva wao hatakiwi kufika haraka, anatakiwa kufika.

Walishuka ziwani. Watu wawili walibeba pampu ndogo yenye mipini minne, wakaingiza mpira mgumu wa kunyonya majini, na mwisho wa mpira ukiwa na kikapu cha waya cha kuzuia majani. Mimi niliwahi kusuka kikapu kama hicho kwa nyaya za baiskeli, nikawaambia, wakataka nichore nilivyofanya. Lena akanisimamisha nyuma ya gari kwenye vile vishikio vinne. Sikuelewa neno hata moja lililoandikwa pale, lakini nilivuta moja, mbili, tatu, nne, na maji yakaruka juu ya mawe mpaka kwenye miti. Kwa dakika chache nilisahau kilichonileta. Ni kweli, nilisahau.

Zoezi lilipoisha, tangi lilikuwa limebaki na maji nusu hivi. Watu walikuwa wameshapanda, mwoka mikate alikuwa anataja chakula chake cha jioni. Lena akatazama geji, akatikisa kichwa, akawashusha wote. Wakanung'unika. Pampu ikarudishwa ziwani, wakaanza kujaza upya.

Nilimuuliza Mugisha kwa nini wanajaza wakati kazi imekwisha na wanarudi nyumbani.

"Ni sheria yake," akasema. "Ama imejaa, ama iko tupu. Nusu, hapana. Nusu maji anapata nafasi ya kukimbia."

"Hata tangi lenye kuta?"

"Hata yenye kuta. Ukuta inapunguza, haimalizi. Ile bila ukuta, nusu…" Akaonyesha kwa kiganja, akakigeuza taratibu juu chini.

Nilisimama pale na mpira wa maji miguuni. Nikasema, "Mimi nilimwambia amwage nusu."

Hakusikia vizuri kwa sababu ya pampu, nikarudia. Nikamweleza mto, kilima, injini, valvu. Lena aliona nyuso zetu akauliza kuna nini. Mugisha akanitazama.

"Nimwambie?"

"Mwambie."

Alieleza kwa Kiswidi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lena alizima pampu. Ziwa likasikika. Alipozungumza, Mugisha alitafsiri kipande kwa kipande. "Anasema, hukujua."

"Ni kweli sikujua," nikasema. "Lakini mdogo wangu amelala kule kwa jina la kukimbia, na hakukimbia."

Lena aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akasema kwamba wao wakirudi kituoni, kabla ya mtu kuvua buti, wanaandika kwenye kitabu yote yaliyokwenda vibaya, na aliyesema jambo anaandika mwenyewe kwamba alilisema. Yeye mwenyewe ameandikwa humo mara nyingi. "Anasema si ya kulaumu," Mugisha akamalizia. "Anasema gari nyingine itajengwa, na mtu mwingine atapanda."

Tangi likajaa. Tukarudi. Mugisha hakutania tena njiani, na nilipoteremka alinipa michoro ya kuta aliyokuwa amenichorea kwa mkono, na vipimo vyake vimeandikwa kubwa. Alisema nikate matundu ya kutosha fundi kupita, maana siku moja fundi huyo atakuwa mimi na kitambi.

Jumapili tulikuwa kanisani, Jumatatu nikafunga mzigo. Mama Neema nilikuwa nimemweleza yote. Uwanjani aliniuliza kama nitamwambia mke wake Ezekia. Nikasema nitamwambia.

"Usimwambie kwa simu," akasema. "Ufike, ukae chini, umwambie."

Nyumbani nilifika siku ya tatu. Nilichojifunza kuhusu magari nimekiandika hapa ili mafundi wengine wa vijiji wakisome. Tangi likae chini na katikati. Liwe na kuta ndani, zenye matundu, zikatize kwa upana na kwa urefu. Watu wakae ndani na mikanda. Vifaa viwe mahali ambapo mtu aliyechoka na mwenye hofu atavipata bila kufikiri. Na maji yajae, au yasiwepo. Hayo yote ni rahisi, mashine ya kuchomelea na grenda vinatosha. Hakuna lililonishinda hapo kwa kukosa shule. Lililonishinda lilikuwa jingine.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Tumaini. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo mlangoni. Aliniuliza habari za safari, nikamjibu. Nikakaa chini. Nilimweleza tangi, kuta, gia ya pili niliyoisikia kwa masikio yangu, na maji niliyosema yamwagwe. Sikuweka maneno ya kulainisha. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo hakukimbia," akasema.

"Hakukimbia."

"Na wewe ulijua."

"Gia niliijua siku ile ile. Kuhusu nusu, nilijua kwamba nilisema, sikujua maana yake."

"Miezi ishirini, shemeji."

Aliinuka akaingiza ungo ndani. Aliporudi alisema kesho tutakwenda kwa polisi walioandika, na kwamba nije mapema.

Mchana nilikiambia kikosi hayo yote. Mwenyekiti alinivuta pembeni akanishauri yaliyopita niyaache, nisije nikajitafutia kesi. Nilimwambia gari jipya nitalitengeneza kama bado wananitaka, lakini kwanza nitakwenda polisi.

Kesho yake kituo cha polisi tulifika saa tatu asubuhi. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Alitafuta jalada muda mrefu, akalipata. Nilimweleza kwamba nimekuja kuongeza maelezo. Alinisikiliza, kisha akaweka kalamu chini. "Mzee, unajua unachojiandikia hapa?"

"Najua."

Akaandika polepole, akiniuliza kila sentensi. Alipomaliza, Tumaini aliomba isomwe kwa sauti. Askari akasoma. Kwamba dereva aliteremka kilima akiwa kwenye gia ya pili. Kwamba tangi halikuwa na kuta ndani. Kwamba maji yalikuwa nusu kwa agizo la mtoa maelezo, ambaye ndiye aliyeliunda tangi.

"Rudia pale pa gia," Tumaini akasema.

Akarudia. Nikatia sahihi. Askari alitueleza kwamba yaliyoandikwa mwanzo hayafutwi, na kwamba mkuu wa kituo atayasoma haya na huenda nikaitwa, lakini karatasi hii itakaa juu ya ile ya zamani. Akavuta droo akatafuta stepla. Tumaini alisubiri mpaka zilipobanwa pamoja na jalada likafungwa, ndipo akakaza kitenge chake kiunoni akatoka nje.